Mtambo wa kuchoronga ukifika Sirari, mkulima asiache jembe

TEPE nyekundu za plastiki zikishafungwa kwenye miti ya shamba, na vijiti vyenye namba kuchomekwa katikati ya mihogo, habari hufika sokoni Sirari kabla jua halijazama. Madalali wa mashamba huanza kupita nyumba hadi nyumba. Wenye vyumba vya kupangisha hupandisha kodi. Vijana huulizana mgodi utafunguliwa lini na nani wa kuonana naye ili kupata kibarua.

Kwa sehemu kubwa jibu ni kwamba mgodi haufunguliwi. Uchorongaji wa utafiti ni hatua ya kuuliza swali, na miamba hujibu "hapana" mara nyingi zaidi kuliko inavyojibu "ndiyo". Mashimo mengi hufukiwa, mtambo hupandishwa kwenye lori, na kampuni huhamia kwingine. Anayebaki ni mkulima aliyeuza ekari zake mbili kwa haraka, au aliyeacha kupanda msimu mzima akisubiri fidia, pamoja na muuza duka aliyekopesha sukari na mafuta kwa watu ambao hawatarudi.

Hata hivyo, wakazi wa Tarime hawawezi kulaumiwa kwa kuamini tetesi za dhahabu. Wanaishi jirani na ushahidi. Mgodi wa North Mara uliopo Nyamongo, takriban kilomita 20 kusini mwa mpaka wa Kenya, ulianza uzalishaji mwaka 2002 chini ya Afrika Mashariki Gold Mines. Kabla yake kulikuwa na wachimbaji wadogo, kisha mitambo ya kuchoronga ya miaka ya 1990. Upande wa pili wa mpaka, katika Migori, mgodi wa Macalder ulitoa shaba pamoja na dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1966. Hata ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kuna mahali paitwapo Kilimafedha, palipochimbwa dhahabu enzi za ukoloni. Miamba hiyo yote ni ya jamii moja ya miamba ya kale iliyotokana na volkano, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na haikujua kuwa siku moja kizuizi cha mpaka kingewekwa kati ya Sirari na Isebania.

Historia ya North Mara ina somo jingine ambalo halizungumzwi sana vijijini. Mwaka 2003 mgodi ulichukuliwa na Placer Dome ya Canada. Mwaka 2006 Placer Dome nayo ikanunuliwa na Barrick. Mwaka 2010 ukawa chini ya African Barrick Gold, mwaka 2014 kampuni hiyo ikabadili jina kuwa Acacia, na mwaka 2019 Barrick ikaurudisha mikononi mwake, Serikali ikipata hisa asilimia 16 kupitia ubia wa Twiga. Mgodi ni uleule, mashimo ni yaleyale, lakini mwenye dai la shamba amekuwa akibisha hodi kwenye milango yenye vibao tofauti. Leseni za utafutaji nazo huuzwa na kuhamishwa kwa namna hiyohiyo, tena kwa kasi zaidi. Makubaliano ya mdomo na meneja mchangamfu aliyegawa soda kwenye mkutano wa kijiji hayahamii kwa mnunuzi mpya.

Jiwe lililovunjika kama zege

Wachimbaji wadogo wa Mara wamezoea dhahabu ya mshipa. Wanaona jiwe jeupe la kwatzi, wanalifuata chini kwa duara, mshipa ukipinda nao wanapinda. Mshipa ni mwembamba lakini mrefu, unaweza kupita chini ya mashamba ya familia nyingi.

Kampuni zinazotafuta dhahabu na shaba kwa pamoja huwa zinatafuta pia umbo la aina nyingine, ambalo wanajiolojia huliita bomba la brechia. Brechia ni mwamba uliovunjika vipande vyenye ncha kali, kisha vipande hivyo vikagandishwa tena pamoja na madini mengine. Fundi ujenzi akiuona mara ya kwanza atasema ni zege, maana unafanana na kokoto zilizoshikwa na saruji.

Chanzo chake ni joto na mgandamizo. Mwamba ulioyeyuka ukikaa chini sana ardhini hutoa maji ya moto na gesi. Vikikosa njia ya kutokea, mgandamizo huongezeka kama ndani ya sufuria iliyofunikwa barabara, hadi miamba ya juu inapasuka. Panabaki nguzo ya mawe yaliyovunjika, imesimama wima au imeinama kidogo. Baadaye maji ya moto yenye madini hupita katika nafasi zilizo kati ya mawe hayo, yanapoa, na kuacha kwatzi, paireti, madini ya shaba na pengine dhahabu. Juu ya ardhi, shaba hujionyesha kwa kutu ya kijani au ya buluu kwenye mawe. Paireti yenyewe ni ile inayong'aa njano na imewadanganya wengi kuwa ni dhahabu.

Umbo hilo ndilo linalomhusu mkulima moja kwa moja. Bomba linaweza kuwa na upana wa makumi machache ya mita tu huku likishuka mamia ya mita kwenda chini. Maana yake ni kwamba kampuni inaweza kuhitaji kuchoronga mashimo mengi katika shamba la familia moja au mbili tu, na jirani wa mita mia tano asiguswe kabisa. Mtambo ukirudi mara tatu katika shamba hilohilo, si lazima iwe dalili ya utajiri. Mtafiti anajaribu kujua ukuta wa bomba uko wapi.

Na bomba kuwepo hakumaanishi madini yapo ndani yake. Mgodi wa El Teniente nchini Chile, ambao ni miongoni mwa migodi mikubwa kabisa ya shaba ya chini ya ardhi duniani, una bomba la brechia katikati liitwalo Braden. Bomba lenyewe halina shaba ya maana. Shaba imelizunguka kwa nje. Kinyume chake, Kidston huko Queensland, Australia, lilikuwa bomba lenye dhahabu, likachimbwa kwa shimo la wazi kuanzia mwaka 1985 hadi 2001. Mabomba mawili, majibu mawili, na hakuna aliyeyapata kwa kutazama juu ya ardhi.

Kazi inavyofanyika

Mtambo ni hatua ya mwisho wa kazi ya utafutaji, na kabla yake hupita watu wenye mifuko. Huchukua udongo kila baada ya mita kadhaa katika mistari iliyonyooka. Huchukua pia udongo wa vichuguu, kwa sababu mchwa hupandisha udongo wa chini bila kulipwa posho. Hutazama mashimo ya zamani ya wachimbaji wadogo. Sampuli zikionyesha eneo lenye dalili, ndipo tepe nyekundu huonekana.

Uchorongaji uko wa namna mbili hasa. Ya kwanza hutumia nyundo ya upepo inayosaga mwamba. Unga na vipande hupandishwa juu kwa upepo na kukusanywa katika mifuko, mfuko mmoja kwa kila mita. Ni njia ya haraka na nafuu. Wachorongaji huiita RC. Ya pili hutumia kichwa chenye chembe za almasi kinachozunguka na kukata mwamba kwa umbo la duara, na kutoa mche mrefu wa jiwe, kama mche wa sabuni lakini wa mviringo, wenye unene wa sentimita tano hadi sita hivi. Hii ni ghali, ila ndiyo inayoonyesha mwamba ulivyo: vipande vya brechia vimekaaje, nyufa zimeelekea wapi, shaba iko kwenye kipande au kwenye gundi inayovishika.

Njia ya almasi hula maji mengi, maelfu ya lita kwa siku, ya kupoza kichwa na kuondoa unga. Maji hayo yanatoka wapi ni swali la kwanza la kuulizwa kwenye mkutano wa kijiji, hasa kiangazi, wakati ng'ombe na akina mama wanagombea kisima kimoja.

Mche wa mwamba hupangwa kwenye masanduku kwa mpangilio wa kina chake, kisha hukatwa kwa urefu kwa msumeno. Nusu hupelekwa maabara, nusu hubaki sandukuni. Kubakiza nusu si urembo. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Canada, iliyodai kugundua dhahabu kubwa Busang nchini Indonesia, iligundulika kuwa sampuli zake zilikuwa zimetiwa dhahabu. Karibu mche wote ulikuwa umesagwa, hivyo kwa miaka kadhaa hapakuwa na nusu ya kulinganishia. Wenye hisa walipoteza mabilioni ya dola.

Maabara husaga sampuli, huchukua kiasi cha gramu 30 au 50 za unga, na kuuyeyusha kwenye moto mkali pamoja na madini ya risasi yanayonasa dhahabu. Jibu la dhahabu hutolewa kwa gramu katika tani moja ya mwamba. Shaba hutolewa kwa asilimia.

Gramu mbili kwenye magunia kumi

Hapa ndipo wengi hupotoshwa, na inafaa kwenda polepole. Tani moja ni sawa na magunia kumi ya mahindi ya kilo mia moja. Mwamba wenye gramu mbili za dhahabu kwa tani unatosha kuivutia kampuni inayochimba kwa shimo la wazi. Gramu mbili za dhahabu, kwa sababu ya uzito wake, hazifikii ukubwa wa nusu punje ya hindi. Nusu punje kwenye magunia kumi ya mawe, tena imesambaa kwa chembe zisizoonekana kwa macho. Mchimbaji mdogo mwenye karasha na zebaki hawezi kuitoa kwa faida, na ndiyo sababu vijana wanaovamia mashimo ya utafiti usiku kwa kawaida huambulia vumbi.

Kisha kuna suala la wastani. Kampuni ikitangaza kuwa shimo limekuta mita 20 zenye gramu moja kwa tani, inawezekana mita mbili tu zina gramu nane, na zile 18 zilizobaki zina robo gramu au chini yake. Ukijumlisha na kugawa, jibu ni lilelile gramu moja. Hakuna uongo, lakini mwamba ni tofauti kabisa na unaodhaniwa.

Kwa bomba la brechia upo mtego wa ziada. Bomba limesimama. Shimo likichorongwa wima ndani yake, linaweza kupita mita 200 mfululizo katika mwamba wenye madini, na tangazo likasema "mita 200". Upana wa bomba unaweza kuwa mita 30. Ni sawa na kupima mgomba kutoka kwenye shina hadi kwenye majani, halafu kuuza kwa kipimo hicho kana kwamba ni unene wake. Ndiyo maana wachorongaji makini huinamisha mtambo ili shimo likate bomba kutoka ukuta hadi ukuta. Mwananchi anayeletewa karatasi ya hisa na wakala wa mjini, akiambiwa habari za mita mia mbili za dhahabu, aulize kwanza shimo lilielekea wapi.

Nani mwenye ardhi, nani mwenye madini

Mkulima wa Tarime mwenye ekari zake ana haki juu ya ardhi, si juu ya madini yaliyo chini. Madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi; marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yalilikazia jambo hilo. Lakini mwenye leseni ya utafutaji naye hana ruhusa ya kuchimba na kuuza. Leseni yake ni ya kutafuta, kwa eneo na kwa muda uliowekwa.

Vilevile hana ruhusa ya kuingia shambani kama anavyotaka. Sheria ya Madini, Sura ya 123, inamtaka awe na ridhaa ya maandishi ya mmiliki halali kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba ya kuishi, ndani ya mita 50 kutoka kwenye ardhi iliyolimwa au yenye mazao, na ndani ya mita 100 kutoka kwenye josho au bwawa. Kwa mashamba ya Tarime yaliyosongamana, ni vigumu kupata sehemu ya kuweka mtambo ambayo haimo katika vipimo hivyo. Ni kweli kwamba mmiliki akikataa bila sababu ya msingi, mamlaka inaweza kuamua kuwa ridhaa yake si lazima. Hata hivyo kampuni nyingi hazitaki kufika huko, na nafasi ya mkulima kuzungumza ipo kabla ya saini, si baada yake.

Sheria hiyohiyo inampa mkulima haki ya kuendelea kulima na kulisha mifugo katika eneo la leseni mradi asiingilie kazi, na inamtaka mwenye leseni alipe fidia ya haki kwa usumbufu na kwa uharibifu wa ardhi, mazao, miti, majengo na mifugo. Kwa maneno mengine, mtu kuacha kupanda kwa sababu tu shamba lake limo ndani ya mipaka ya leseni ni hasara aliyojitafutia. Leseni za utafutaji huchukua kilomita za mraba nyingi. Mtambo huchukua sehemu ndogo sana ya hizo.

Ni sehemu ndogo kiasi gani? Chukua mfano wa uwanja wa mtambo wenye mita 20 kwa 20. Hizo ni mita za mraba 400, karibu sehemu moja ya kumi ya ekari. Mkulima anaweza kuona si neno. Lakini mtambo hauji kwa miguu. Njia ya lori yenye upana wa mita nne na urefu wa mita 300 kutoka barabarani ni mita za mraba 1,200, mara tatu ya uwanja wenyewe. Jumla ni takriban sehemu nne za kumi za ekari. Shamba linalotoa gunia 12 za mahindi kwa ekari litakuwa limepoteza karibu gunia tano kwa msimu, na nyingi kati ya hizo zimeliwa na njia. Fidia inayohesabu uwanja peke yake imemwacha mkulima na hasara, na makosa ya namna hiyo hufanyika bila hata nia mbaya, kwa sababu fomu ina nafasi ya "uwanja" tu.

Kuna pia hasara ya msimu unaofuata. Magurudumu ya lori hushindilia udongo hadi jembe linaruka. Udongo wa juu, ule mweusi, ukichanganywa na wa chini wakati wa kusawazisha, rutuba imekwenda. Makubaliano mazuri husema kuwa udongo wa juu utawekwa pembeni na kurudishwa juu, na kwamba njia italimwa kwa trekta kazi ikiisha. Kwa mibuni na migomba hesabu ni nyingine, kwa vile mbuni mpya huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Mmea wa kudumu huhesabiwa mmoja mmoja, na umri wake huandikwa.

Ushahidi wa umiliki ndio mhimili wa yote hayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliweka hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo mkulima huiomba kupitia halmashauri ya kijiji chake. Familia zenye mashamba yaliyogawanywa kwa mdomo tangu enzi za babu hujikuta zikigombana zenyewe kwa zenyewe siku ya malipo, na mgogoro wa ndugu humaliza fedha kabla hazijafika nyumbani. Wajane ndio huumia zaidi.

Nyamongo inajulikana pia kwa neno "tegesha", yaani kujenga kibanda au kupanda miti harakaharaka mahali panapotarajiwa kulipwa fidia. Wapo waliofaulu. Lakini wapo pia waliokopa mabati na saruji, uthamini ukafanyika kabla yao au ukakataa majengo yao, na migogoro ikavutana kwa miaka hadi kufika kwa viongozi wa kitaifa. Kutegesha kwa ajili ya mashimo ya utafiti ni kamari mbaya zaidi, kwa kuwa katika hatua hiyo hakuna anayehamishwa. Hulipwa mazao yaliyoharibiwa tu.

Biashara ya miezi mitatu

Kwa wafanyabiashara wa Sirari, kambi ya uchorongaji ni mteja mzuri lakini wa muda. Mtambo mmoja wenye zamu mbili hauhitaji jeshi la watu: wachorongaji, wasaidizi, mafundi, madereva, mwanajiolojia na wabeba sampuli. Watu hao hula, hulala, hununua dizeli, vocha, mbao na mifuko. Fedha huonekana mtaani kwa wiki kadhaa, na ni halali kuifuata.

Tatizo ni mkopo. Mama lishe anayelisha watu 15 milo miwili kwa siku, kwa shilingi 3,000 kila mlo, anatoa chakula cha shilingi 90,000 kila siku. Kwa siku 30 ni shilingi milioni 2.7. Wachache wana mtaji wa kubeba deni hilo, na mara nyingi mtaji huo umetoka kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Aidha, mwenye leseni kwa kawaida hachorongi mwenyewe; hukodi kampuni ya uchorongaji, nayo huweza kumtumia wakala kuajiri vibarua na kutafuta chakula. Wakala akipotea, kampuni husema haimdai wala haidaiwi. Mfanyabiashara mwenye LPO yenye jina la kampuni na mhuri ana pa kushika. Mwenye daftari la "mzee wa kambi" hana. Malipo ya kila wiki ni bora kuliko ahadi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu shimo linaweza kukatishwa Jumanne na mtambo ukaondoka Alhamisi.

Uamuzi wa kuondoka mara nyingi hautokani na kitu chochote kilichotokea Sirari. Bei ya dhahabu mwaka 2001 ilikuwa chini ya dola 300 kwa wakia moja. Mwaka 2011 ilipita dola 1,900, na Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Shaba nayo ilivuka dola 10,000 kwa tani mwezi Mei 2024, ikisukumwa na mahitaji ya nyaya za umeme. Bei zikipanda, mitambo huonekana hata katika maeneo yaliyowahi kuachwa. Zikishuka, kampuni ndogo za utafiti, ambazo huishi kwa fedha za wanunuzi wa hisa na si kwa mauzo ya madini, hukaukiwa kwanza.

Yanayobaki ardhini

Shimo la utafiti lililoachwa wazi ni jembamba, lakini mguu wa ndama huingia. Kazi ikiisha linatakiwa kuzibwa kwa uimara, mifuko ya plastiki ya sampuli ikusanywe, mashimo ya tope yafukiwe, na udongo ulioloa mafuta uondolewe. Mwenyekiti wa kijiji akague kabla mtambo haujapandishwa kwenye lori. Baada ya hapo kumpata mhusika ni safari ya Mwanza au Dar es Salaam.

Mwamba wenye shaba na paireti unataka uangalizi wa ziada. Madini hayo yakikutana na hewa na maji hutengeneza tindikali. Kwa unga wa mashimo machache madhara ni madogo na hufukiwa yakaisha. Kwa mgodi kamili ni suala zito, na Tarime inalijua: Mei 2009 wananchi wa kandokando ya mto Tigithe walilalamikia maji yenye tindikali kutoka North Mara, na mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la mabaki. Kijiji chenye busara hupima maji ya visima na mito yake kabla ya shimo la kwanza kuchorongwa, na kuyatunza majibu. Bila kipimo cha mwanzo, ubishi wa baadaye hauna mwamuzi.

Mwenye leseni anapaswa kuwasilisha taarifa za utafiti wake serikalini, na taarifa za kijiolojia za nchi hutunzwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, mjini Dodoma. Hivyo shimo lililosema "hapana" kwa kampuni moja halisahauliki. Miaka kumi baadaye, bei ikiwa nyingine, kampuni nyingine huja na ramani ya mashimo yaleyale, na kwa kawaida inaijua historia ya shamba kuliko mtendaji wa kijiji aliyehamia mwaka jana. Vijiji vinavyotunza nakala zao wenyewe, yaani ramani ya mashimo, majina ya waliolipwa, kiasi, tarehe na saini, huanza mazungumzo hayo ya pili vikiwa na karatasi mezani.